Imekuwa Noma Usiku na Mfuko Umesota? Hivi Ndivyo Utapata Matibabu ya Haraka Hosi za Serikali

Till ya mama mboga unaijua kwa kichwa. Namba ya ambulensi je? Usione haya, wengi wetu tuko hapo tu. Shida ni kwamba siku mambo yatachacha, buda ameanguka bafuni, beshte amerushwa na nduthi, mtoi wa jirani ameanza kutetemeka na macho yamegeuka, hakuna mtu huwa na akili ya kutulia aanze kusaka majibu kwa simu. Kwa hivyo soma hii saa hii ukiwa umechill kwa keja, halafu uitume kwa grupu ya ploti.

Sheria iko upande wako

Kuna mstari mmoja kwa Katiba ya 2010 unafaa kuujua kama jina lako: Kifungu cha 43, sehemu ya pili. Unasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Hausemi mtu aliye na bima. Hausemi mtu aliye na kipande. Hausemi hata Mkenya. Ni mtu, basi.

Sheria ya Afya ya 2017 ikaja kuongezea nyama. Kifungu chake cha 7 kinasema matibabu ya dharura ni pamoja na vile unashughulikiwa kabla ufike hosi, kutuliza hali yako ukifika, na kupangiwa safari ya hosi ingine kama hapo hawana vifaa. Hosi yenye uwezo ikikataa imefanya kosa, na faini inaweza kufika shilingi milioni 3. Na hiyo si stori ya hosi za serikali peke yake. Hata ile ya kibinafsi yenye vioo na maua hapo mlangoni imo ndani.

Sasa mbona watu bado wanafukuzwa? Ju karatasi ni karatasi, na geti iko na soja. Oktoba 2015 kuna jamaa aligongwa na gari hapa Nairobi, akakaa kama saa 18 ndani ya ambulensi akizungushwa hosi hadi hosi kutafutiwa kitanda cha ICU. Alikuja kuingizwa Kenyatta akiwa amechelewa, akafariki. Nchi nzima iliwaka. Na wakati huo Katiba ilikuwa na miaka mitano tayari. Haki unayo, lakini lazima ujue kuidai, na zaidi ujue pa kwenda, ju saa moja iliyopotea kwa mlango usiofaa inaweza kuua kuliko jeraha lenyewe.

Pia usichanganye mambo mawili: kutibiwa kwanza si kutibiwa bure. Bili inaweza kukufuata. Tutafika hapo.

Hii ni dharura ama ni homa tu?

Kama mtu hapumui vizuri, damu inatoka na haikatiki, amezimia ama haeleweki anasema nini, kifua kinambana kama amekaliwa na gunia, mdomo umepinda upande mmoja na mkono hauinuki, ameungua vibaya, amekunywa sumu, ameumwa na nyoka, degedege haiachi, ama ni mjamzito na anavuja damu, usifikirie mara mbili. Hiyo ni kazualti, saa hiyo hiyo. Mjamzito aliye na kichwa kinachogonga sana na anaona ukungu ndani pia, hata kama mama mkwe anasema ni uchovu. Mtoi mdogo akikataa kunyonya, akilegea kama kitambaa, ama akivuta pumzi mbavu zikiingia ndani, usingoje kukuche.

Ule mdomo uliopinda ni kiharusi, na watu wengi hulala nacho wakisema "ni upepo, kesho itakuwa imeisha." Dawa za kuyeyusha damu iliyoganda kwa ubongo hufanya kazi kwa saa chache za mwanzo tu, na si kila hosi inazo. Andika saa ile dalili zilianza. Daktari atakuuliza hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

Lakini koo linawasha, tumbo limekoroga ju ya smokie ya jana, malaria haijakuwa kali, kidonda kinataka kusafishwa? Hiyo peleka zahanati ama kituo cha afya cha mtaa. Kenyatta utakaa kwa benchi hadi mangware, na si ati wanakuchukia. Wanaanza na yule anayekufa.

Hosi zimepangwa kwa ngazi

Serikali imezipanga ngazi 6. Ya 1 ni mtaani kwenyewe, wale wahudumu wa afya wa jamii wenye mabegi wanaotembea ploti hadi ploti. Serikali ilizindua zaidi ya laki moja wao mwaka 2023. Mjue wako, ju huyo ndiye anajua ni kituo gani kinafunguliwa usiku na ni kipi kinafunga saa kumi na moja. Ya 2 ni zahanati, ya 3 ni kituo cha afya, ya 4 hospitali ya kaunti ndogo, ya 5 hospitali kubwa ya kaunti, na ya 6 ndiyo zile za taifa.

Kwa Nairobi, watu wa Eastlands wengi hukimbilia Mama Lucy Kibaki. Upande wa Kibera, Lang'ata na Ngong Road kuna Mbagathi. Dagoretti kuna Mutuini. Akina mama wa kujifungua wana Pumwani. Ukiwa Kahawa ama Githurai, hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, iliyofunguliwa 2019, iko karibu kuliko kuvuka mji mzima. Na mama yao wote ni KNH, hapo Upper Hill, iliyoanza 1901. Ukiwa nje ya Nairobi: Mombasa ni Coast General, ile wenyeji huita Makadara. Kisumu ni Jaramogi, na ukisikia mtu anasema "mpeleke Russia" usishangae, ni hapo hapo. Eldoret ni Moi. Nakuru watu bado husema PGH.

Zahanati na vituo vidogo vingi hufunga jioni na wikendi. Hiyo ndiyo hutupa watu. Unabeba mtu anavuja damu hadi kwa kituo cha karibu, unapata kufuli na paka. Kwa hivyo wikendi hii, ukipita ukienda base, uliza tu: "Nyinyi hufunga saa ngapi? Usiku kuna nani?" Sekunde kumi.

Ukiwa na mgonjwa mahututi, enda hosi ya karibu yenye kazualti inayofanya kazi saa 24, hata kama si ile kubwa. Wamtulize, wamwekee maji na oksijeni, halafu wao wenyewe wapige simu mbele na kumhamisha na ambulensi na barua ya rufaa. Kuruka hosi tatu ili ufike Kenyatta kwenye jam ya Jogoo Road ni kucheza kamari na mtu wako.

Kufika

999 na 112 ndizo namba za dharura za serikali. Msalaba Mwekundu wana 1199, haitozwi. St John pia wana ambulensi. Kaunti nyingi zina zao, na namba zake kwa kawaida zimeandikwa ubavuni mwa gari. Ikipita mtaani, piga picha uihifadhi. Ukipiga, anza na mahali, si stori: stage gani, karibu na nini, geti rangi gani. Tuma mtu asimame barabarani na tochi ya simu. Mitaa yetu haina namba za nyumba, na dereva wa ambulensi si malaika wa kujua kwa Njoro ni wapi.

Uliza pia "inalipishwa?" kabla, ju ambulensi za kampuni zinaweza kudai maelfu. Na uulize watafika kwa dakika ngapi. Wakisema saa moja na mtu anavuja damu, usingoje. Chukua teksi, probox, hata mat ambayo makanga yake iko na roho. Kwa mtu aliyegongwa ama kuanguka kutoka juu, nduthi iwe chaguo la mwisho kabisa. Kumkalisha katikati ya watu wawili akining'inia kunaweza kumalizia shingo iliyokuwa imeumia kidogo tu. Mlaze kwa ubao, mlango uliong'olewa, hata meza, na mtu mmoja ashike kichwa kisicheze njia yote.

Kabla ya kutoka kuna vitu vya kufanya, na vingine vya kuacha kabisa. Damu: chukua leso ama tisheti safi, kandamiza kwa nguvu na usiachilie kila dakika kuangalia kama imekatika. Kisu kikiwa bado kimeingia, kiache hapo hapo. Kikitoka ndiyo damu hufunguka. Mtu ameungua: maji baridi ya mfereji dakika 20, na mfereji ukiwa mkavu, maji ya mtungi polepole. Colgate, unga, mafuta ya kupikia na yai ni vya jikoni, usimpake. Degedege: mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, usimtie kijiko mdomoni. Aliyezimia usimnyweshe chochote, hata maji ya sukari. Aliyekunywa sumu usimtapishe, usimpe maziwa, na ubebe ile chupa uende nayo. Aliyeumwa na nyoka asitembee, msichanje, msifunge kamba. Na kwa heshima zote, usikimbize nyoka umlete hosi. Kulikuwa na mgonjwa mmoja, mtakuwa wawili.

Ukifika mlangoni

Hapa ndipo wengi hupotelea. Unafika na presha, unapiga mayowe, soja anakuonyesha foleni ya kadi, unapanga laini kama uko Huduma Centre. Hapana. Usianze na dirisha la malipo. Uliza "triaji iko wapi?" Hapo ndipo muuguzi anapima presha, pumzi, mapigo ya moyo na kuamua nani anaingia kwanza. Sehemu nyingi hutumia rangi: nyekundu unaingia moja kwa moja, manjano unangoja kidogo, kijani utaona watu wengi wakikupita. Kukupita si ukabila na si connection, mara nyingi. Nimesema mara nyingi.

Maneno unayotumia yanasaidia. Kusema "mgonjwa wangu ni mgonjwa sana" hakumwambii muuguzi kitu, kila mtu hapo anasema hivyo. Sema ulichoona: "Ameanguka saa mbili usiku, hajaamka tangu hapo, ametapika mara tatu, ana kisukari, anatumia insulini." Sentensi moja hivyo inafanya kazi kuliko nusu saa ya kelele. Na mgonjwa akibadilika mkiwa kwa benchi, pumzi imebadilika, ameacha kujibu, rudi triaji uwaambie apimwe tena. Usiogope kuonekana msumbufu. Hali hubadilika na rangi inafaa kubadilika nayo.

Nendeni wawili. Mmoja akae na mgonjwa bila kutoka, mwingine akimbie na fomu, maabara na dawa. Beba kipande cha mgonjwa kama kipo, dawa anazotumia na pakiti zake, kadi ya kliniki ya mjamzito ama ya mtoi, chaja, maji, leso. Kipande kikikosekana bado anatibiwa. Ukiambiwa dawa ama glavu hazipo ununue nje, na hiyo hutokea sana, chukua karatasi iliyoandikwa, nunua kwa duka la dawa lenye risiti, hifadhi risiti. Ukiombwa "kitu kidogo" ili faili isonge, uliza risiti kwa upole. Hilo neno huwa na nguvu ajabu. Damu pia haiuzwi. Unaweza kuombwa ulete ndugu wa kuchangia, hiyo ni sawa. Mtu akikupa bei ya painti kando ya ukuta, huyo ni tapeli.

Na usipige mtu. Huyo dada wa zamu ya usiku ako na wagonjwa wengi kuliko mikono yake, na akikimbia, wako ndiye atakosa wa kumshika.

Chapaa

SHA ilichukua kiti cha NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Kama umeandikwa kazi wanakata asilimia 2.75 ya mshahara kabla ya makato. Ukiwa wa hustle unaulizwa maswali ya hali ya nyumbani, unapewa kiasi chako, na cha chini kabisa ni sawa na shilingi 300 kwa mwezi, japo unatakiwa kulipia mwaka. Najua. Mia tatu mara kumi na mbili si mchezo ukitoka mjengo. Lakini kusajiliwa ni bure, ni *147# tu, na kuna faida unapata hata kabla hujalipa shilingi: huduma za kawaida zahanati na vituo vya afya, ngazi ya 2 na 3, hulipwa na mfuko wa serikali wa afya ya msingi ilimradi umesajiliwa. Kulazwa na upasuaji hosi kubwa ndiko wanaangalia kama umelipa.

Kuna mfuko wa tatu watu hawaujui: ule wa dharura na magonjwa sugu. Sheria ya bima ya 2023 inasema huo ndio wa kulipia matibabu ya dharura. Mtu wa dirishani anaweza asikwambie. Wewe uliza: "Hii imeingizwa kwa mfuko wa dharura?" Sajili pia watu wako, mathe na watoi, na hakikisha laini uliyosajilia iko hewani na si ile ilipotea kwa mat.

Ukishindwa na bili, usitoroke usiku na usiuze TV bado. Kila hosi kubwa ya serikali ina ofisi ya afisa wa ustawi wa jamii. Nenda mapema, siku ya pili ya kulazwa, usingoje siku ya kutolewa. Atakuuliza kazi, familia, nyumba, na anaweza kupendekeza bili ipunguzwe, ifutwe ama ulipe pole pole. Kama una barua ya chifu, beba. Na wakikataa kumuachilia mgonjwa aliyepona, kumbuka High Court iliamua 2015 kwamba kuwafungia akina mama Pumwani ju ya deni kulivunja haki zao. Deni lidaiwe kama deni lingine, mwili wa mtu si rehani.

Zile hatuongeleangi

Ukibakwa, ama beshte akibakwa, saa inahesabu. Dawa za kuzuia HIV lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa mapema ni bora. Za kuzuia mimba zinaweza kusaidia hadi saa 120. Enda hosi kwanza, karao baadaye. Huhitaji ripoti ya polisi ndio utibiwe, na matibabu haya kwa hosi ya serikali hufai kulipishwa. Usioge, usibadilishe nguo kama unaweza. Ukibadilisha, zifunge kwa gazeti, si kwa plastiki, ju plastiki huozesha ushahidi. Daktari atajaza fomu yake, na P3 ya polisi ni bure. Ukiulizwa pesa ya P3, hiyo ni wizi. Namba ya msaada ni 1195, ya watoto ni 116, zote hazitozwi. Wanaume pia, hii sehemu ni yenu vile vile.

Na kama ni kichwa ndicho kimelemewa, mtu anaongea kuhusu kujiua ama amejaribu, hiyo ni dharura kama moyo tu. Usimwache peke yake, weka mbali dawa na visu, mpeleke kazualti yoyote ama Mathari hapo Thika Road. Wengi walikuwa wanaogopa kufungwa, ju sheria ya ukoloni ilihesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Januari 2025 High Court ilisema kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mwambie hivyo.

Wakikufukuza

Usiondoke na hasira bila kitu mkononi. Uliza jina la aliyekataa, andika saa, uliza msimamizi wa zamu. Sema hivi, kwa sauti ya kawaida: "Nisaidie kuandika kwamba mmekataa kumtuliza." Mara nyingi mlango unafunguka hapo. Kama kweli hawana uwezo, waambie wamtulize kwanza, wapige simu hosi ingine kuhakikisha kuna nafasi, na watoe ambulensi. Hiyo ndiyo sheria ya 2017. Kupewa tu karatasi na "jaribuni Kenyatta" si rufaa. Baadaye, mambo yakipoa, lalamiko la daktari ama hosi linaenda kwa KMPDC, baraza la madaktari. La huduma mbovu ya ofisi ya umma linaenda kwa Ombudsman. Zote mbili ni bure.

Kuna pia ile siku ya mgomo. Madaktari waligoma siku 100 kutoka Desemba 2016, na siku 56 mwaka 2024, kwa hivyo usidhani haitarudi. Uliza ni nani amegoma. Madaktari wakiwa nje, wauguzi na matabibu wa vituo vya afya wanaweza kuwa ndani, na kinyume chake. Hosi za misheni hubaki wazi na mara nyingi bei yake iko chini ya zile za kibinafsi. Jua iliyo karibu nawe kabla ya siku hiyo.

Kitu cha mwisho kwa simu yako. Ingia kwa mipangilio, tafuta sehemu ya taarifa za dharura, zile zinaonekana hata simu ikiwa imefungwa. Jaza jina lako lote, dawa zinazokudhuru, ugonjwa kama uko nao, na namba za watu wawili wanaoshika simu usiku. Mathe mmoja, na beshte mmoja ambaye halali kama gogo. KNH hutoa matangazo ya miili ambayo hakuna mtu amekuja kuichukua, na si wote walikuwa hawana watu. Wengine waliokotwa barabarani bila kipande, na nyumbani watu wao wanapiga simu ambayo imezimwa.